Pipa na Mto wa Mahameli

Nyumba yetu huamka kwa sauti ya cherehani. Mume wangu ni fundi wa makochi. Karakana yake iko mbele, inatazama barabara. Sisi tunaishi nyuma ya karakana. Nyuma yetu kuna uwanja wa nyasi na banda la mabati, na humo ndimo anamoishi Pipa.

Pipa ni farasi wa kimo kifupi, wale wanaoitwa poni. Alipokuja aliitwa Mshale. Wifi yangu alihama mji akatuachia. Wakati ule jina lilimfaa, maana alikuwa mwembamba. Miaka miwili baadaye hakuna aliyeweza kumwita Mshale bila kucheka. Ukimtazama kwa mbele alikuwa mviringo, na kwa nyuma mviringo vilevile. Watoto wa jirani wakampa jina la Pipa, likamganda.

Pipa ni wa binti yetu. Binti huyu ana miaka tisa na hajui kutulia, ndiyo maana tunamwita Kiroboto. Akirudi shuleni, hata sare hajavua, yuko bandani. Humweleza Pipa habari zote za darasani. Sisi wazazi tunapata makombo tu ya habari hizo.

Shida ilianzia kwenye tandiko. Tandiko la zamani lilikuwa na kiunzi cha mbao ndani yake. Lilitengenezwa kwa mgongo wa Mshale, si wa Pipa. Sasa lilimbana mabega na kuteleza kando. Pipa akaanza kulaza masikio nyuma kila alipouona mkanda wa tumbo. Siku moja aliuma mkono wa shati la mume wangu.

"Ana kiburi," nilisema.

"Hapana, ni mbao," mume wangu alijibu. "Mbao ni ngumu. Tuachane na kiunzi. Nitamshonea mto wa kuweka mgongoni. Mke wangu, kazi yangu mimi ni nini? Si kukalisha watu raha mustarehe?"

Akafanya kazi siku mbili. Alikata sponji ya kochi, ile nene. Akaivika mahameli nyekundu, akaipiga vifungo katikati kama kiti cha bwana harusi. Chini akashona mkanda wa tumbo. Pande mbili akashona vikuku vya kuwekea miguu. Kisha akauweka mto juu ya benchi, akaukalia, akafumba macho.

"Njoo ukae uone," aliniambia.

Nikakaa. Kusema kweli ulikuwa laini sana. Nilimsifu, na sitaki kujitoa kwenye kosa hili. Tuliukalia wote wawili, tukaridhika wote wawili.

Jumamosi asubuhi tukamtandika Pipa. Mto uliteleza, basi mume wangu akakaza mkanda. Ukateleza tena, akakaza zaidi, mpaka Pipa akaguna. Kiroboto alivaa kofia yake ngumu. Akatia mguu kwenye kikuku cha kushoto ili apande.

Mto ukazunguka. Ulikuwa mgongoni, mara ukawa tumboni. Mtoto alianguka chini, na mguu wake mmoja ulikuwa umenasa kwenye kikuku.

Roho ilinitoka. Farasi mwingine angekimbia na kumburuta. Pipa alisimama tuli, akageuza shingo kumtazama, hadi baba yake alipomnasua. Kiroboto alichubuka kiwiko tu.

"Basi," nilisema. "Huyu farasi anaondoka."

Mwenye machimbo ya mchanga alikuwa ameniomba Pipa mara mbili, akavute mkokoteni. Nikampigia simu palepale, mbele ya wote. Akasema atakuja kumchukua Jumamosi ijayo. Kiroboto hakuwa amelia kwa kile kiwiko. Alilia aliponisikia nikisema, "Njoo na kamba yako."

Jumatano alikuja fundi wa kwato. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono kama koleo na mdomo usiolala. Jina lake kwenye kitambulisho silijui. Sisi humwita Bi Nyundo. Huja kila baada ya wiki sita kumpunguza Pipa kwato. Mara hii alimkuta Kiroboto amekaa bandani, uso umemvimba kwa kulia.

"Nani amekufa humu?" aliuliza.

Tukamweleza. Bi Nyundo akauchukua ule mto, akaugeuza huku na huku.

"Ushonaji mzuri, fundi mwenzangu. Huu uzi haukatiki leo wala kesho. Uliupima vipi?"

"Niliukalia," alisema mume wangu.

"Ukauona laini?"

"Laini kabisa."

"Piga magoti basi. Na mikono chini. Usiogope, sikupigi misumari."

Mume wangu akacheka, akapiga magoti uwanjani, mikono chini. Bi Nyundo akamwekea mto mgongoni, akamwita Kiroboto akae juu yake. Kiroboto akakaa. Nyayo zake zilifika chini, lakini Bi Nyundo akamwambia anyanyue miguu.

"Aaah!" mume wangu akapiga kelele. "Uti wa mgongo! Shuka, mwanangu, shuka!"

"Si ni laini?" Bi Nyundo aliuliza, amejitia hamnazo.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya banda. Lakini Bi Nyundo hakuwa amemaliza. Akaniomba taulo mbili. Akazikunja kila moja kama mkate mrefu, akaziweka mgongoni kwa mume wangu, moja kila upande wa uti wa mgongo. Katikati akaacha nafasi. Akaweka mto juu, Kiroboto akakaa tena.

"Je, sasa?"

Mume wangu akajinyoosha mgongo. "Sasa namsikia pembeni, kwenye nyama. Uti wa mgongo hauumi."

"Inuka, fundi. Umefaulu mtihani." Bi Nyundo akampangusa vumbi begani. "Wewe umezoea kochi. Kochi halina mgongo unaouma. Unamfikiria anayekaa tu. Kwa farasi kuna wawili, anayekaa na anayekaliwa. Sponji ikikandamizwa inalala. Inayobaki ni mifupa ya mtoto juu ya mifupa ya farasi. Kiunzi cha mbao, kikimtosha farasi, kazi yake ni kugawa uzito pembeni. Ukikiondoa, lazima kitu kingine kifanye kazi hiyo."

"Kumbe kuuma kwake si kiburi," nilisema.

"Mama, angekuambiaje? Hana simu."

Kisha akatuonyesha kosa lililokaribia kumuumiza mtoto. Mto wa mgongoni, alisema, haushonewi vikuku kamwe. Hauna kitu kigumu cha kuushikilia. Mguu mmoja ukisukuma chini, mto wote unazunguka. Na kukaza mkanda hakusaidii. Kunamnyima farasi pumzi na kumtia uchungu.

"Halafu tuseme ukweli," aliendelea. "Hakuna tandiko linalokaa juu ya pipa. Njoo hapa, Kiroboto. Pitisha vidole ubavuni kwake. Unasikia mbavu?"

"Sisikii kitu."

"Zipo. Zimefunikwa na mafuta. Shika hapa juu ya shingo. Pagumu, sivyo? Hayo pia ni mafuta. Mnampa nini huyu?"

"Nyasi tu," tulijibu wote kwa pamoja.

Bi Nyundo akatutazama mmoja mmoja. Akasubiri.

"Na maganda ya karoti," nilisema. "Asubuhi. Kidogo."

"Na mkate wangu wa shule," Kiroboto alisema. "Ule wa kila siku."

Nikamgeukia kwa hasira, lakini baba yake akakohoa. "Mimi humpa pumba," alisema akitazama viatu vyake. "Ndoo moja. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayempa."

Tukatazamana. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa akimlisha Pipa kwa siri, na kila mtu alijiona ana huruma kuliko wenzake.

Bi Nyundo akainama, akashika kwato moja baada ya nyingine kwa kiganja. "Hazina joto. Mshukuruni Mungu. Poni mnene huweza kuugua kwato ghafla, akashindwa hata kusimama. Mkiona kwato zina moto, au anatembea kama anakanyaga miiba, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hata zikiwa baridi hivi, mwiteni kesho ampime. Na msije mkamnyima chakula kabisa. Poni mnene akilala njaa anaweza kufa. Anapunguzwa polepole."

"Lakini Jumamosi anaondoka," Kiroboto alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Bi Nyundo akanigeukia. "Kwenye mkokoteni wa mchanga? Akiwa na mwili huu na mgongo huu? Mama, nipe miezi mitatu. Akishindwa, mimi mwenyewe nitashika kamba."

Nilimtazama mwanangu. Nikasogea kando, nikampigia simu mwenye machimbo. Nikamwambia aje baada ya miezi mitatu. Sikumwahidi mtu chochote zaidi ya hapo.

Daktari wa mifugo alikuja, akampima, akatupangia chakula. Maganda, mkate na pumba vikaisha. Nyasi kavu tulizipima, tukazitia kwenye wavu wenye matundu madogo, ili ale taratibu na asikae tumbo tupu. Kwa majuma mengi hakuna aliyempanda. Kila jioni Kiroboto alitembea naye kwa kamba, mwanzoni hadi kwenye duka la kona, baadaye hadi kwenye daraja na kurudi. Kila Jumapili mume wangu alichukua futi yake ya kupimia makochi, akamzungushia Pipa tumboni, akachora alama ya urefu huo kwa penseli kwenye nguzo ya banda, kuanzia chini. Wiki mbili za kwanza alama haikusogea. Ya tatu ilishuka upana wa kidole. Mume wangu alipiga ukelele, wateja wakatoka karakanani kuuliza kuna nini.

Mwezi wa tatu wa mpango huo ulipoanza, daktari alisema Pipa sasa anaweza kupandwa na mtoto mwepesi, kwa muda mfupi.

"Basi nishone tandiko la mbao jipya," alisema mume wangu.

"Usithubutu," alisema Bi Nyundo. "Huyu bado anapungua. Tandiko la kiunzi linalomkaa leo litampwaya mwezi ujao. Kwa sasa tujaribu lisilo na kiunzi. Hilo hufuata mwili. Lakini tunajaribu kwanza, ndipo tunachagua."

Akaja na matatu, ya kuazima kwa mtengeneza matandiko anayemfahamu. La kwanza lilikuwa mto wa mgongoni tu, mzuri, bila vikuku. Bi Nyundo akausukuma kwa mkono mmoja, ukateleza hadi ubavuni.

"Huu ni wa farasi mwenye mgongo usio mviringo, na mpandaji anayejua kukaa. Bado, Kiroboto."

La pili lilikuwa tandiko laini, lisilo na kiunzi. Tukamtandika, Kiroboto akapanda akitokea juu ya kasha, si kwa kuvuta kikuku. Baba yake alishikilia upande wa pili. Bi Nyundo akamwambia mume wangu aingize mkono chini ya tandiko, katikati.

"Hauingii. Limelala juu ya mfupa."

"Umesema mwenyewe. Ondoa."

La tatu nalo halikuwa na kiunzi, lakini chini yake lilikuwa na mito miwili mirefu, mmoja kila upande, na mfereji katikati.

"Taulo zangu!" nilisema.

"Taulo zako hasa, mama."

Kiroboto akapanda. Mume wangu akaingiza mkono mbele, ukapita chini ya tandiko kando ya uti wa mgongo, vidole vikatokea nyuma. Mkanda ulikazwa kiasi, vidole viwili viliingia bila taabu. Wakatembea uwanjani dakika kumi na tano. Tandiko halikuhama. Walipolivua, Bi Nyundo akatuonyesha manyoya. Pande mbili kulikuwa na jasho, sawasawa. Katikati, juu ya uti wa mgongo, palikuwa pakavu. Akabonyeza mgongo taratibu kwa vidole, na Pipa hakushtuka wala hakujikunja.

"Hili," alisema. "Lakini msilale. Lisilo na kiunzi si dawa ya kila kitu. Apandwe muda mfupi, na mtoto mwepesi tu. Kila akishuka, mtazame jasho na kubonyeza mgongo. Akipungua zaidi, mnapima upya."

Miezi mitatu ilipotimia, mwenye machimbo alikuja Jumamosi, na kamba begani. Nilimfungulia lango. Uwanjani Kiroboto alikuwa amesimama na mkanda wa tumbo mkononi. Pipa aliuona. Nilibana pumzi, nikayatazama masikio yake. Hayakulala nyuma. Alinusa mkanda, akapiga miayo, akaendelea kusinzia wakati akitandikwa.

Nikashusha pumzi niliyohisi nimeibana miezi mitatu. Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

"Samahani kwa kukusumbua," nilimwambia yule bwana. "Huyu haendi popote."

Akamtazama Pipa, akakuna kichwa. "Mbona si yule? Yule alikuwa mnene."

"Ndiye huyuhuyu. Anaitwa Mshale."

Ule mto wa mahameli hatukuutupa. Mume wangu alikata vikuku na mkanda, akaupigilia juu ya stuli ya jikoni. Bi Nyundo akija, ndipo anapokaa kunywa chai. Anasema hajawahi kukalia kitu laini kama hicho, na stuli haijalalamika hata siku moja.