Bundi wa Mwamgongo Aliyependa Kuoga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Melania aliteremka ziwani kuchota maji. Miaka ile, mara nyingi alikuta mitumbwi mipya imevutwa ufukweni. Ilileta watu kutoka Burundi, waliokimbia vita wakiwa na magodoro na sufuria zao. Familia za kijiji cha Mwamgongo ziliwapokea wakimbizi hao walipokuwa wakisubiri boti ya kuwapeleka kambini. Nyumbani kwa akina Melania alikaa Spesiosa, msichana wa rika lake kutoka Rumonge, pamoja na bibi yake.

Siku moja Anatoli, baba yake Melania, alirudi kutoka kukamua mawese akiwa amebeba gunia.

"Nimemkuta ndani ya pipa la mawese," alisema.

Akafungua gunia. Ndani alikuwemo bundi, manyoya yamegandamana na kuwa mekundu, macho yamemtoka kwa hofu.

Jirani yao, Mama Rozalia, akarudi nyuma. "Bundi ni mkosi! Muueni kabla hajalia juu ya paa."

"Mwenye mkosi ni yeye, aliyetumbukia kwenye mawese," alijibu mama yake Melania.

Alimwosha ndege yule kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka mafuta yakatoka. Kisha akamwambia Melania, "Sasa utamtunza wewe."

Melania aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Kila alipotoka shule alimkamata bundi, akampaka sabuni, akamsugua na kumfunga kwenye kanga. Spesiosa aliposogea kusaidia, alimwambia, "Wewe ni mgeni, pumzika." Mama naye alimwambia hivyohivyo kila aliposhika ufagio. Basi Spesiosa alishinda mkekani, akitazama ziwa upande wa kwao.

Lakini bundi alizidi kudhoofu. Manyoya yalikakamaa kama majani makavu. Alitetemeka, na hata panya hakutaka kula. Melania akaanza kulia.

"Namwogesha kila siku! Mbona hapendi kuoga?"

"Anapenda sana," alisema Spesiosa. "Asichopenda ni kuogeshwa. Kwetu Rumonge, baba alimfuga mmoja ghalani ili ale panya. Mvua ikikatika, alishuka mwenyewe kuoga kwenye dimbwi la uani. Bundi ana mafuta yake hapa juu ya mkia. Huyachukua kwa mdomo, akajipaka. Wewe unayamaliza kwa sabuni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nipumzike."

Melania alifuta machozi. "Nionyeshe, tafadhali."

Spesiosa alitafuta beseni pana, akatia maji kidogo tu, akaweka jiwe katikati. Wakaketi mbali. Melania alitaka kumsukuma bundi majini, lakini Spesiosa alimshika mkono. "Buhoro, buhoro," alinong'ona kwa Kirundi. Polepole.

Bundi alisogea. Alitumbukiza mguu, akautoa. Kisha akaingia, akazamisha kichwa na kupiga mabawa, maji yakaruka hadi mlangoni! Aliposhiba kuoga, alipanda ukutani juani, akayapitisha manyoya mdomoni moja baada ya jingine. Uso aliuchana kwa ukucha, kama mtu mwenye kitana. Wasichana walicheka mpaka bibi yake Spesiosa akatoka jikoni. Tangu wafike Mwamgongo, hakuwa amesikia mjukuu wake akicheka.

Baada ya wiki chache manyoya yalikuwa laini tena. Jua lilipokuwa likizama, bundi aliruka kutoka ukutani hadi kwenye michikichi, kimya, bila hata mvumo wa bawa.

"Kumbe ni mzuri," alisema Mama Rozalia.

Melania alimweleza mama yake yote. Mama alitikisa kichwa.

"Hata mimi nimekosea, mwanangu. Nimemkalisha Spesiosa mkekani kama mgonjwa. Kumsaidia mwenye shida si kumfanyia kila kitu. Mpe anachokosa, kisha mwache atumie alichonacho." Akageuka. "Spesiosa mwanangu, kuna dagaa wa kuanika ufukweni. Utaweza?"

"Nitaweza, Mama," alijibu Spesiosa, tayari amesimama.

Tangu siku hiyo wasichana wale walianika dagaa pamoja, wakifundishana nyimbo za Kiha, lugha ya kwao Melania, na za Kirundi. Boti ya kambini ilipokuja hatimaye kuwachukua Spesiosa na bibi yake, Melania aliingia majini hadi magotini, akapunga mkono mpaka ikapotea nyuma ya rasi.