Binti Aliyetaka Kujibatiza

Kabla mama hajafungua dirisha la chumba cha mbele, chenye cherehani yake, Mwenyewe alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji, na sasa alikuwa akisugua masufuria kwa majivu. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani walimwita Mwenyewe, kwa sababu tangu alipoanza kusema, ukitaka kumfunga kamba za viatu aliusukuma mkono wako. "Nitafunga mwenyewe." Akafunga vibaya, akaanguka, akainuka, akafunga tena.

Wiki hiyo nyumba nzima haikutulia. Jumapili Mwenyewe angebatizwa. Mama, ambaye kazi yake ni kushona sare za shule, alikuwa amemaliza kanzu nyeupe ya ubatizo, na kila aliyepita pale ukutani iliponing'inia aliigusa kidogo. Mchungaji naye, ambaye siku za kazi ni fundi bomba, alikuwa ameziba nyufa za kisima cha ubatizo nyuma ya kanisa. Mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba safari hii maji hayavuji.

Mwenyewe alifurahi kuliko wote, ila furaha yake ilikuwa na kazi nyingi ndani yake. Alikuwa amejiwekea sheria: asikosee hata kidogo mpaka Jumapili. Asimjibu mtu vibaya, asichelewe popote, asikasirike. Alifagia na uwanja wa jirani bila kuombwa. Alianika nguo huku akikariri mistari ya Biblia, na alipokosea neno alianza upya, nguo ikimchuruzikia miguuni.

"Wewe mtoto, unakonda tunakuona," alisema bibi yake, ambaye kila siku aliketi mlangoni akikata nyuzi zilizobaki kwenye sare. "Hebu kaa kidogo."

"Siwezi, Bibi. Nataka nifike Jumapili nikiwa safi kabisa. Mungu asije akaniangalia akasema, huyu bado."

Bibi alitaka kumjibu, lakini Mwenyewe alikuwa ameshakimbilia ndoo.

"Mtakatifu," akaita mdogo wake, ambaye aliitwa Kijiko kwa kuwa hakukosekana kamwe penye sufuria, "umesahau kumwogesha paka wa jirani."

Mwenyewe aliuma mdomo, akanyamaza. Moyoni alijipongeza: hilo nalo amelishinda.

Jumamosi mchana mchungaji aliwaita wabatizwa wote kisimani wafanye mazoezi. Alitaka pia kuona kama viraka vyake vya saruji vitashika. Maji yalikuwa yametulia, yakifika kiunoni, na waliokuja kutazama walijipanga ukingoni, Kijiko akiwa mbele kabisa.

"Ni rahisi," mchungaji alisema. "Kunja mikono kifuani, funga mdomo, ulale nyuma kama unalala kitandani. Mimi nitakushika mgongoni, nitakuzamisha, nitakuinua. Kazi hiyo ni yangu. Wewe usifanye kitu."

Alianza seremala mzee mwenye tumbo. Alilala kama gunia, akazama, akainuka akicheka. Akafuata rafiki wa Mwenyewe, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake. Naye hakuwa na shida, ingawa miguu yake ilichomoza upande wa pili.

Zamu ya Mwenyewe ikafika. Mchungaji alimshika mgongoni, akasema, "Haya, lala." Mwenyewe akakunja magoti na kujichovya mwenyewe. Maji yalimfika shingoni. Kichwa kilibaki kikavu.

"Sivyo. Usichuchumae. Lala, mimi nimekushika."

"Ndiyo, Mchungaji."

Safari ya pili alianza kulala vizuri. Lakini alipohisi miguu inaiacha sakafu, mwili wote ulikakamaa kama ubao. Mkono mmoja ulichomoka kifuani, ukadaka shati la mchungaji na kuvuta kwa nguvu zote. Mchungaji aliteleza. Wote wawili wakazama, maji yakaruka mpaka ukingoni, na watazamaji wakarudi nyuma wakipiga kelele.

Mchungaji aliibuka akitema maji, miwani ikining'inia kwenye sikio moja.

"Binti yangu," alisema, "leo umenibatiza mimi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mchungaji mwenyewe alicheka. Mwenyewe hakucheka.

Walirudi nyumbani, yeye akitembea mbele haraka, Kijiko nyuma yake.

"Jamani, mpisheni mbatizaji," Kijiko alitangaza walipoingia ndani. "Mchungaji anatafuta kazi nyingine, ya kwake imechukuliwa."

Mwenyewe aligeuka na kumsukuma kwa mikono miwili. Kijiko alianguka juu ya sare zilizopigwa pasi, zikisubiri wenyewe. Mdomo wake ulijigonga kwenye meza ya cherehani. Alipoinuka, damu ilikuwa imedondoka kwenye kola ya shati jeupe la mtoto wa watu.

Cherehani ikanyamaza. Mama alimtazama Kijiko, akaitazama kola, kisha akamtazama binti yake.

Mwenyewe alitoka nje mbio. Bibi alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, uso magotini.

"Kesho siendi," alisema kabla hajaulizwa. "Mwambieni mchungaji."

"Nimwambie kwa sababu gani?"

"Wiki nzima nimejitahidi, Bibi. Wiki nzima. Sasa nimeharibu yote, na hakuna siku iliyobaki ya kutengeneza."

Bibi alijiegemeza ukutani, akajishusha taratibu mpaka chini. "Nikuulize jambo. Kama wiki hii usingekosea hata mara moja, kesho ungeenda kufanya nini pale majini?"

"Kubatizwa."

"Ili?"

Mwenyewe alifikiri. "Kuonyesha kwamba Yesu amenisafisha."

"Ala. Kumbe ulitaka uwe umeshajisafisha, halafu ukamtangaze yeye kwamba amekusafisha. Yeye angekuwa amefanya kazi gani?"

Mwenyewe aliinua uso kutoka magotini.

"Mimi nilidhani ukiwa mbaya hakupokei."

"Mjukuu wangu, angesubiri tuwe wazuri, mimi na uzee wangu huu ningekuwa bado nimesimama nje. Alitupenda tukiwa hivi hivi, akafa kwa ajili yetu tukiwa hivi hivi. Hiyo ndiyo neema. Ni zawadi, na zawadi inapokelewa tu. Sasa nenda kwa mdogo wako."

Kijiko alikuwa jikoni, mdomo umevimba, anakula.

"Nisamehe," Mwenyewe alisema. "Nitakuchotea maji mwezi mzima. Nitakufulia soksi. Na vyombo..."

"Nimeshakusamehe."

"Lakini nitakufulia na..."

"Dada, nimesema nimekusamehe. Unataka risiti?" Kijiko alisogea kidogo kwenye benchi. "Kaa. Na mimi nilizidisha maneno."

Mwenyewe alikaa. Mikono yake ilitafuta kitu cha kufanya, ikakikosa, ikatulia mapajani. Katika chumba cha mbele mama alikuwa ameshailoweka ile kola kwenye maji ya chumvi, na cherehani ilikuwa imeanza kuimba tena.

Siku iliyofuata kanisa lilijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Nyimbo zilianza ndani, zikatoka nje pamoja na watu mpaka kisimani. Twiga alikuwa anarukaruka asiweze kusimama mahali pamoja. Seremala alibatizwa, Twiga akabatizwa, na kila alipoinuka mtu, vigelegele vilipanda.

Mwenyewe alishuka ngazi, kanzu ikielea pembeni yake. Alipohisi mkono wa mchungaji mgongoni, magoti yakaanza tena kukakamaa.

Mchungaji aliinama sikioni kwake. "Mikono hii hubeba mabomba ya chuma," alinong'ona. "Wewe ni mwepesi. Niachie."

Mwenyewe akakunja mikono kifuani. Akaiacha sakafu. Kwa kitambo kidogo hakushika kitu, na hakuanguka. Maji yalimfunika uso, kelele zote zikazimika, halafu akainuliwa kwenye jua na nyimbo na makofi, na aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi alikuwa mvulana mwenye mdomo uliovimba.

Alipanda ngazi akicheka, maji yakimtiririka. Mama alimfunika taulo. Akamkumbatia pamoja na taulo lake.

"Bibi," Mwenyewe alisema meno yakigongana, "sasa kama sifanyi kazi ili Mungu anipende, vyombo nisioshe tena?"

"Uoshe, tena vizuri," bibi alijibu, akimkausha masikio. "Sikiliza. Mtu anayeomba kazi hufagia akichungulia dirishani, aone kama mwenye nyumba amemwona. Mtoto wa nyumba hufagia akiimba, kwa sababu pale ni kwao, na hata akivunja sahani jioni atalala ndani. Jana ulikuwa ukifagia kama mtu anayeomba kazi. Leo umejua ya kuwa wewe ni mtoto. Fagia kama mtoto."