Kichwa cha Jiko la Otmar

Chai ya Anisia ilinuka udongo mbichi.

"Baba Limi, hebu onja," alimwambia mumewe, mtoto akiwa mgongoni.

Ignas alionja, akatema. Asubuhi ileile alikuwa amelitengeneza jiko la mafuta kwa mikono yake. Kichwa chake, kile kinachotoa moto, kilikuwa kimepasuka, na maduka ya Geita hayakuwa na kingine. Basi alivuta gunia uvunguni, akatoa jiko la marehemu Otmar, akafungua kichwa kwa spana, akakifunga kwenye jiko lao. Gunia lile la vitu vya Otmar lilikuwa la kupelekwa kwa mama yake, huko Nkome. Wachimbaji wenzake walimkabidhi Ignas alipeleke, maana yeye na Otmar walikuwa wakila sahani moja. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Otmar afukiwe shimoni, na gunia lilikuwa bado uvunguni.

Mchana, jiko likiwa limezimwa, likagonga. Ko. Ko. Ko.

"Chuma kinapoa," Ignas alisema.

"Kimepoa tangu asubuhi," Anisia alinong'ona.

Likagonga kesho yake, na siku ya tatu. Ugali ukawa na mchanga hata unga ukichekechwa mara mbili. Siku ya nne, jua likiwa bado juu, Anisia aliinama kupiga pampu, na moto ukalala upande kama unaopulizwa kutoka chini, harufu ya baruti na ya maji ya shimoni ikajaa jikoni, na ndani ya mvumo wa jiko ikasikika pumzi ya mtu, ikivutwa, ikikwama, ikivutwa tena, mpaka sauti ya Otmar ikaita taratibu, "Ignas, niko huku."

Anisia alitoka mbio na mtoto, akarudi na mganga, mzee Bujiku. Mzee alichuchumaa mbele ya jiko, akasikiliza kwa muda mrefu. Mkoba wake hakuufungua.

"Jini la mashimoni halina sauti yake," alisema. "Huazima ya mtu aliyekufa vibaya. Dawa yangu italitoa humu ndani, lakini litakufuata. Kuna neno umelificha, kijana. Lipeleke kwa mwenyewe."

Anisia alimtazama mumewe. Ignas alichukua spana.

Alikifungua kichwa, akakirudisha kwenye jiko la Otmar, akaondoka na gunia mgongoni. Njia nzima mpaka Nkome liligonga kwenye uti wa mgongo wake, na watu aliopishana nao walisalimia tu wakapita, kana kwamba hawasikii kitu.

Mama Otmar alikuwa akigeuza dagaa juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea vitu vyake?"

Ignas alipiga magoti mchangani.

"Mama, kifusi kiliposhuka, mimi ndiye niliyeachwa mlangoni mwa shimo nisikilize. Nilimsikia. Alikuwa akigonga mwamba kwa nyundo. Wenzangu walipokuja kuniuliza, nilisema kumenyamaza. Niliogopa wangeniambia niingie kumchimbua."

Gunia likatulia. Mama Otmar alisimama na dagaa mkononi, wakimdondoka mmoja mmoja.

"Aligonga mpaka lini?"

"Mpaka jua linazama, mama. Nilikuwa nimekaa palepale."

Mama Otmar hakupiga yowe. Alilifungua gunia, akalitoa jiko, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga. Akaliwasha, akateleka sufuria ya maji. Moto ukapanda safi, bila harufu yoyote.

"Kaa," alisema. "Utakula. Lakini kwanza niambie tena, tangu mwanzo."

Ignas akaanza. Alipofika kwenye nyundo, mama alimwinulia mkono anyamaze kidogo, akapunguza moto wa jiko, ili asikie vizuri.