Uzito wa Panyachuma

Tarehe 9 Juni 2094 kulikucha na upepo mkavu, wenye baridi iliyowafanya askari wa bonde la Namtunu wafiche mikono makwapani. Panyachuma hakujali. Roboti huyo mwenye miguu sita na pua ndefu ya kunusia baruti alikuwa shambani tangu alfajiri, akikanyaga ardhi kwa wepesi unaomshinda kuku. Kila alipofika penye bomu lililofukiwa enzi za vita, alisimama akainua mkia, na wateguaji wakaja kumalizia.

"Binti yako leo ana mbwembwe," Sajini Chiduo alimtania Mhandisi Veneranda, aliyemuunda. "Ameona wageni."

"Mfute pua, acha maneno."

Chiduo alichechemea kwa mguu wake wa bandia, akamfuta kwa leso yake mwenyewe.

Mgeni alikuwa Mheshimiwa Mbwilo, mama aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi katika Bunge la Shirikisho. Kila Juni Bunge hilo lilipitisha sheria ya matumizi ya ulinzi. Kilichoandikwa humo, jeshi lilinunua; kilichoachwa kilikufa, na watafiti waligeuza kazi zao kuifuata sheria ilikoelekea. Muswada wa safari hii ulikuja na kifungu kipya: utafiti utagharimiwa kwa roboti wenye silaha tu.

"Mwanangu, usijipe tabu," alisema Mbwilo. "Mfungie kabunduki mgongoni, nami nitakutetea. Ukikataa, karakana yako inafungwa."

Veneranda aliwatazama akina mama waliosimama na majembe nyuma ya kamba nyekundu, wakisubiri mashamba yao. Karakana ikifungwa, wangesubiri mpaka lini? Kukubali kulikuwa rahisi. Aliomba kimoyomoyo: Mungu wangu, nipe la kusema.

"Mama, Panyachuma ni mwepesi kuliko mtoto mchanga. Ndiyo maana bomu halishtuki. Bunduki itamwongezea uzito, alipue kila anachokanyaga."

"Wataalamu wa makao makuu wanasema uzito huo si kitu."

"Wataalamu hao hawatangulii kupita."

Mbwilo hakuelewa. Chiduo akamweleza: hapo Namtunu, shamba likishasafishwa, aliyeunda mashine huomba, huvua viatu, kisha hupita wa kwanza. Wenye shamba hufuata.

"Tulianza desturi hii baada ya ajali yangu," aliongeza. "Sheria ya mwaka ule ilitaka mashine nzito zenye mizinga. Zikalipua mabomu zilizoyakanyaga, zikaruka mengine, tukaambiwa shamba ni safi. Nikapita mimi." Akaugonga mguu wa bandia. "Faida yake, soksi zinadumu."

Akina mama walicheka. Mbwilo hakucheka.

Kazi ilipokwisha, Veneranda alifumba macho, akaomba kwa sauti, akavua viatu.

"Panyachuma angekuwa na bunduki," Mbwilo alimuuliza taratibu, "ungetangulia?"

"Hapana, Mama. Wala nisingemruhusu mtu kupita. Bora mfunge karakana."

Mbwilo aliinama, akavua viatu vyake, akamshika Veneranda mkono. Walipita pamoja juu ya udongo wa baridi, Panyachuma akiwafuata nyuma kama mbuzi aliyezoea watu.

Walipofika ng'ambo, Mbwilo aliwageukia akina mama na askari.

"Kura yangu pekee haitoshi, sitawadanganya," alisema kwa sauti. "Lakini mbele yenu nyote, na mbele ya Mungu, naahidi: nitasimama bungeni kukipinga kifungu kile. Na atakayekitetea nitamleta hapa, avue viatu, atangulie yeye."