Bega la Mtemi Lugembe

Zama zile misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikikatiza nchi ya Ulungwa kuelekea pwani, mji mkuu wa nchi hiyo ulizingirwa siku tisa. Visima vilibaki tope. Kalunde, mwanamke aliyeunga mifupa ya wapagazi na wawindaji, alishindwa kutulia. Akikaa, anainuka, akiinuka, anazunguka boma, vidole vikimwasha kwa kukosa kazi.

Kazi ilikuwepo, ila alinyimwa. Desturi ya Ulungwa ilisema jeshi halitoki langoni mpaka mtemi ainue mkuki juu ya kichwa kwa mkono wa kulia. Na mkono wa kulia wa Mtemi Lugembe ulikuwa ukining'inia tangu siku ya tano, alipoporomoka kutoka juu ya ngome.

Waganga wa ikulu walimtibu kwa macho, kwa sababu kumgusa mtemi ilikuwa mwiko, na mkono uliomgusa ulikatwa. Walitazama uvimbe kwa mbali, wakasema mfupa umevunjika, wakamwagiza ajifunge mwenyewe vijiti vya mwanzi kwa mkono wa kushoto. Waganga gani hao, jamani! Siku nne mwanamume wa watu anajikaza kwenye vijiti visivyo na kazi.

Siku ya tisa, maji yalipokwisha kabisa, Mlekwa, mkuu wa baraza, alikubali Kalunde aingie, mradi asivuke ukingo wa mkeka. Kalunde alitazama mara moja tu. Bega zima huwa la mviringo; hili lilikuwa na kona, na kiwiko kiligoma kukaribia mbavu.

"Haujavunjika, Mtemi," alisema. "Umetoka mahali pake."

"Utajuaje bila kugusa?"

"Siwezi kujua bila kugusa. Nitagusa."

Akavuka mkeka. Mlekwa alishika shoka lake, lakini mtemi alimtuliza kwa macho. Kalunde alikata kamba za vile vijiti, akapitisha kidole juu ya mtulinga mpaka mwisho wake, akashuka kwenye kombe la bega. Pale palipopaswa kukaa kichwa cha mfupa alikuta shimo tupu. Kichwa chenyewe, laini kwa gegedu lake, kilikuwa kimejificha kwapani. Alikijua vizuri, maana mama yake alimlea kwa kumfanya afungue viungo vya mbuzi na kuvirudisha kimoja kimoja.

Akamlaza chini, akaweka kisigino chake kwapani mwa mtemi. Kisigino, naam! Wazee waliziba nyuso. Akavuta, mfupa ukakataa. Misuli ilikuwa imekaza kwa maumivu, na misuli iliyokaza ni mlango uliofungwa kwa ndani.

"Nitajie ng'ombe wako, Mtemi. Taratibu."

Lugembe alishangaa, akaanza. Mabala. Sengo. Kagoma. Alipofika kwa Ndilana, ndama aliyemchunga utotoni, sauti ilimlainika na bega likalegea. Kalunde akavuta na kuzungusha. Kitu kiligonga ndani, na bega likawa la mviringo tena.

"Kano zinazoshika kiungo zimelegea kama kamba za kitanda kikuukuu," alimwonya. "Inua mara moja tu. Ukirudia kabla ya miezi miwili, zitachanika, wala hazitaunga."

Mkuki uliinuliwa. Lango likafunguka, magobori yakanguruma, na kabla jua halijainama adui alikuwa anakimbia, ameacha mizigo yake njiani.

Watu walipokuwa bado wanashangilia, Mlekwa alimleta Kalunde uwanjani na gogo la kukatia. Mwiko ni mwiko, alisema, na wala hakusema kwa chuki. Baraza lilikuwa limekwisha kuamua, na amri ya baraza iliweza kutenguliwa na kitu kimoja tu: mkuki wa mtemi, juu, mkono wa kulia.

Kalunde aliweka mikono yake juu ya gogo. Aliogopa, aliogopa sana.

"Usiinue, Mtemi," alisema. "Nakuomba."

Lugembe aliinua, akauelekeza mkuki kwenye lango la magharibi.

"Aondoke Ulungwa," alisema, "na mikono yake yote miwili."

Mkuki ulianguka. Kalunde aliiona ile kona ikirudi begani, akapiga hatua kumwendea. Mtemi alitikisa kichwa. Akimgusa tena, mkuki ule utakuwa umeinuliwa bure. Kalunde akageuka, akatoka analia.

Ulungwa husimulia kwamba Lugembe alitawala miaka ishirini akishika mkuki kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ya jeraha la vitani. Kalunde hawamtaji. Lakini kule ugenini alirudisha mabega ya watu mpaka uzeeni, na kila mara alimwomba mgonjwa ataje ng'ombe wake. Asiye na ng'ombe alimwazima: Mabala, Sengo, Kagoma. Jina la Ndilana alilitaja mwenyewe, huku anavuta.