Mia Mbili na Kumi na Tatu

Kengele ya moto ililia saa nne asubuhi, na bweni la wasichana likatoa mtu mmoja zaidi ya waliokuwamo.

Lilikuwa zoezi tu. Aliyelipanga alikuwa ofisa usalama wa chuo, ambaye wanachuo walimwita Bwana Filimbi kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni hata akienda kunywa chai. Alisimama kwenye uwanja wa netiboli akihesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. Orodha ilisema mia mbili na kumi na wawili. Yeye akapata mia mbili na kumi na tatu. Akarudia, akapata vilevile. Akawaita viongozi wa vyumba, kila mmoja akataja watu wake, na chumba kwa chumba jumla ikawa sawasawa na orodha. Hapakuwa na mgeni. Kila uso ulikuwa na mtu anayeujua. Ila vichwa vilizidi kimoja.

"Baba, umezeeka," binti yake alimtania kutoka mstari wa chumba cha tisa, akiichezea pampu yake ya pumu. "Hata kuhesabu watu kunakushinda?"

Wenzake wakacheka, naye akacheka. Alikuwa mtoto wake wa pekee, na utani wake ulimfurahisha kuliko sifa za mkuu wa chuo. Lakini alipopita mbele ya mistari alisikia harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Alipofika mwisho, harufu ilikuwa nyuma yake. Aliporudi, ikawa imemtangulia.

Alirudia zoezi siku ya pili na ya tatu. Mia mbili na kumi na tatu. Mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa, na bweni ambalo hesabu yake haitulii hufungwa. Bwana Filimbi, mtu aliyepima mchanga wa ndoo za moto kwa rula, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akaandika mia mbili na kumi na wawili, akagonga muhuri.

Mama wa usafi alikuwa mlangoni na fagio lake.

"Na yule mwingine?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwingine yupi?"

"Mwanangu, lile bweni nalifagia mimi. Kwenye ngazi kuna nyayo za majivu. Zilikuwa zinapanda tu, hazishuki. Sasa umepiga kengele, umesema wote waliomo watoke. Nalo hilo jini limetii, limetoka."

"Mama, hapa ni chuoni. Mambo ya majini tuyaache."

"Haya, tuyaache. Lakini ungeliandika, walau likajulikana ni la ziada. Ukilificha ndani ya hesabu ya watu, umelipatia nafasi ya mtu."

Alimjibu kwamba ana kazi nyingi. Mkaguzi akaja, akasoma, akatia sahihi. Tangu siku hiyo Bwana Filimbi hakutulia. Alihesabu vikombe ofisini, alihesabu watu kwenye foleni ya benki, alihesabu viatu mlangoni kwake. Vyote vilikuwa sawa, na bado alivihesabu upya.

Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, mtu alisahau koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo ya plastiki, ghorofa ya pili. Godoro likashika moto, kisha mapazia. Safari hii kengele haikuwa ya mazoezi. Wasichana walishuka kama walivyofundishwa, wakajipanga uwanjani, na Bwana Filimbi akahesabu.

Mia mbili na kumi na wawili.

"Wametimia," alisema mkuu wa kikosi cha zimamoto. "Kazi nzuri, mzee. Hakuna aliyebaki ndani."

Watu wakapiga makofi. Bwana Filimbi hakupiga, kwa kuwa yeye peke yake pale uwanjani alijua kwamba wakitimia, basi wamepungua.

"Kuna mtu ndani," alisema.

"Orodha yako mwenyewe hapa inasema mia mbili na kumi na wawili. Siwezi kuwaingiza vijana wangu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo."

Akakimbilia chumba cha tisa. Wanne, kamili. Binti yake alisimama wa mwisho, ameshikana mkono na kiongozi wa chumba. Moshi uliwaliza wote. Yeye hakupepesa macho.

"Mama," baba alimwita bintiye kwa sauti ndogo, "pampu yako iko wapi?"

Alitabasamu tu. Harufu ya kiberiti ikamjaa baba puani.

Hakumbuki alivyowapita wale askari, anakumbuka ngazi, ambazo alizipanda akihesabu kwa mazoea, kumi na nne, kumi na nne, na moshi ulioshuka kumlaki, na nyuma yake hatua nyingine zikipanda pale anapopanda na kutulia pale anapotulia, na sauti ya binti yake ikimwita kutoka chini, baba rudi, mimi niko huku, rudi, na yeye akitambaa bila kugeuka huku akilia na kuomba Mungu, mpaka mkono wake ukagusa kisigino cha binti yake chini ya kitanda, alikokuwa ameingia kuitafuta pampu iliyobingirika. Alikuwa anapumua.

Alipotoka naye mgongoni, mstari wa chumba cha tisa ulikuwa na watatu. Pale aliposimama yule wa nne, nyasi zilikuwa zimeungua, nyayo mbili. Kiongozi wa chumba alikuwa akiutazama mkono wake, umetoka malengelenge.

Jumapili binti aliruhusiwa kutoka hospitalini. Bwana Filimbi alimleta nyumbani amemshika kwapa, wakaketi mezani. Mkewe hakuwa ameambiwa lolote kuhusu ile hesabu. Alikuwa anapakua chakula. Sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha ya nne.

"Mke wangu," aliuliza, "tuko wangapi hapa?"

"Wanne," alijibu bila kugeuka. "Kwani wewe unahesabu wangapi?"

Alifungua mdomo aseme watatu. Akamtazama binti yake, akaiona pampu ikipanda na kushuka mkononi mwake, akayakumbuka maneno ya mama wa usafi, kwamba la ziada likifichwa hupewa nafasi ya mtu.

"Wanne," alisema, akavuta kiti cha nne kukisogeza mezani. Kilikuwa na joto.