Mizani ya Makombo

Jiko la Taasisi lilikuwa nyuma ya maabara, mlima ukiwa juu yake. Taasisi ni ya serikali, inafanya utafiti wa kilimo na mifugo. Watu wake ni wengi: watafiti, makarani, madereva, walinzi na vibarua wa mashamba ya majaribio. Wote hao mchana walikula chakula cha Bernadeta na wenzake.

Bernadeta ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Jikoni walimwita Mama Upendo, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kila asubuhi aliteremka kutoka kijijini kwake mlimani na ndoo tupu. Jioni alipanda na ndoo iliyojaa makombo. Hayo yalikuwa ya nguruwe wake. Nasra, mpishi wa wali, hakutaka hata kusikia habari za nguruwe, lakini bata wake nao walikuwa na ndoo yao.

Hiyo ilikuwa desturi ya jikoni. Chakula kinachobaki ni cha wapishi. Hakuna mkubwa aliyewahi kuruhusu, na hakuna aliyewahi kukataza. Mlinzi wa getini aliziona ndoo zikipita, akatazama pembeni.

Walipikia kuni. Lori lilizileta kutoka upande wa Ngerengere, na moshi ulijaa mpaka sura ya mwenzako huioni. Bernadeta alikohoa mwaka mzima.

"Kifua changu sasa ni dohani," alikuwa akisema. Wenzake walicheka, naye akacheka, kisha akakohoa tena.

Jumatatu moja akaingia dada mgeni. Amevaa glavu za mpira, mkononi ana mizani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea? Maabara ni kule."

"Sijapotea, mama. Naitwa Doreen, nipo kitengo kipya cha mazingira. Naomba kila siku, kabla hamjamwaga makombo, nije niyapime."

Bernadeta akauacha mwiko ndani ya ugali. "Uyapime makombo?"

"Ndiyo mama. Nijue uzito wake."

"Na ukishaujua?"

"Nitaupeleka ofisini," akasema Doreen. Akatabasamu, akatoka.

Alipotoka tu, jiko likageuka baraza. Nasra ndiye aliyeanza.

"Msomi mzima, glavu mkononi, anakuja kupima ugali uliolala? Huyo ametumwa."

"Katumwa na nani?"

"Na wakubwa. Umesahau ya stoo? Yalianza hivi hivi. Akaja kijana na mizani, anapima unga. Tukasema ni kawaida tu. Mwezi haujaisha, mtunza stoo yuko kwao Turiani, analima mpunga."

"Lakini yule aliiba kweli."

"Na hizi ndoo zetu, Mama Upendo, tunaziitaje? Sadaka?"

Bernadeta aliwaza nyumba yake. Mume wake, Dominiko, alilima kabichi na karoti kwenye matuta, lakini mboga zina msimu wake. Nyumba ilikuwa imejaa: watoto, wajukuu, mama mkwe, na siku zote mgeni mmoja aliyesema anaondoka kesho. Wote waliegemea mshahara wa jikoni. Akifukuzwa kazi kwa sababu ya ndoo ya makombo, atawaambia nini?

"Basi asikute kitu," akasema.

Wakakubaliana. Kabla Doreen hajafika, makombo mengi walikwenda kuyamwaga kwenye korongo nyuma ya jiko. Walibakiza kidogo tu, ya kumwonyesha.

Doreen alipopima, alishangaa. "Watu wote wale, na kinachobaki ni hiki tu?"

"Tunapika kwa akili," Nasra akasema, bila kupepesa macho.

Doreen akachungulia dirishani. Ngedere walikuwa wamejaa juu ya miti karibu na korongo. "Na hawa ngedere? Jumatatu sikuwaona."

"Wametoka mlimani," akasema Bernadeta.

"Hao nao ni watumishi wa serikali," akasema Nasra. "Wanakuja mchana, wanakula, wanaondoka."

Doreen akacheka. Bernadeta hakucheka. Aliona yule dada anaendelea kuwatazama ngedere hata baada ya kucheka.

Siku zilivyopita, woga ukaingia hata kati ya wapishi wenyewe. Siku moja Nasra alimwona Bernadeta amesimama na Doreen bombani.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Aliniuliza habari za kifua changu."

"Kifua. Leo kifua, kesho ndoo."

"Nasra, mimi nikakuuze wewe?"

"Sijasema hivyo. Nimeuliza tu."

Wapishi wa pale huwa wanakula sinia moja baada ya kazi. Siku hiyo Nasra alipakua chakula chake pembeni.

Ilipofika Ijumaa, Doreen akaja bila glavu. "Mama, nimekuja kuaga. Mizani naihamishia kwenye jiko la bweni la wageni wa mafunzo. Hapa hakuna makombo ya kutosha, kwa hiyo mtambo utajengwa kule."

"Mtambo gani?" akauliza Bernadeta.

"Mtambo wa biogesi. Sikuwaambia kwa sababu sikutaka kuahidi kitu kabla ya vipimo." Akavuta kigoda, akakaa. "Unalijua lile shimo letu la takataka? Chakula kikioza mle kinatoa gesi. Gesi hiyo ikipanda hewani inaongeza joto la dunia. Lakini chakula hicho hicho kikiozea ndani ya tangi lililofungwa vizuri, gesi yake unaikamata. Unaileta jikoni kwa bomba, unapikia."

"Bila kuni?"

"Kuni zinapungua sana. Miti inapona, na moshi jikoni unapungua."

"Na hilo tangi linataka nini?"

"Makombo na samadi ya ng'ombe, kila siku. Wahandisi wamesema lijengwe penye makombo mengi."

Bernadeta alikohoa, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nasra, aliyekuwa anachambua mchele, alimtazama na kutikisa kichwa polepole. Alimaanisha: nyamaza.

Bernadeta naye hakuamini upesi. Hata yule kijana wa stoo alikuwa na maneno matamu. Akinyamaza, kazi ipo na moshi upo. Akisema, huenda akamfuata mtunza stoo.

"Hivyo vipimo vyako," akauliza, "vinataja watu?"

"Watu gani, mama?"

"Watu. Wenye ndoo."

Doreen akaziona ndoo mbili nyuma ya mlango. "Mama, mimi sipimi watu. Tunapima Taasisi nzima: umeme, maji, karatasi, mafuta ya magari, takataka. Tunataka kujua tunaharibu mazingira kiasi gani, ili tupunguze. Mtu akinificha, ninapunguza kitu ambacho sikijui."

Bernadeta akavua aproni. "Twende nje."

"Mama Upendo," Nasra akaita. Bernadeta hakugeuka.

Kwenye korongo nzi waliruka kama wingu. Ugali, wali, kabichi na maharage vilikuwa vimeozea pamoja. Doreen alifunika pua. Bernadeta hakufunika, aliona aibu.

"Haya yote ni ya jikoni?"

"Ya wiki hii."

"Mvua ikinyesha yanakwenda wapi?"

"Kijitoni."

"Na maji ya kijito?"

Bernadeta akatazama bondeni. Bustani za chini zilimwagiliwa kwa kijito hicho, na moja ilikuwa ya wifi yake.

"Kwa nini, mama?"

"Tulidhani umetumwa kutufukuzisha kazi."

Doreen akakaa juu ya jiwe. "Basi na mimi nimekosea. Nilikuja na mizani, sikuja na maelezo. Jumatatu naanza kupima upya. Msinifiche."

"Na majina yetu?"

"Naandika kilo, mama."

Jumapili ile Bernadeta alikwenda misa, lakini ukimwuliza padri alihubiri nini, hajui. Aliliona kila neno la Doreen lina mlango wa nyuma. Jumatatu asubuhi, kabla hata moto haujawaka, akaja mhudumu wa ofisi.

"Mama Upendo, unaitwa utawala."

"Nilikuambia," Nasra akasema. Lakini alimsogelea, akamtengenezea kilemba vizuri. "Nenda. Ukirudi, nitakuwa nimeshainjika maji."

Ofisini alimkuta afisa utawala na Doreen. Bernadeta hakukaa mpaka alipoambiwa mara mbili.

"Mama," afisa akaanza, "Doreen ameniambia kuna makombo mengi kuliko tulivyodhani. Akihakikisha wiki hii, mtambo utajengwa kwenu. Wewe ndiye unayelijua jiko. Tangi likae wapi?"

Bernadeta alimtazama afisa, akamtazama Doreen. Alikuwa bado anangoja sehemu ya pili, ile ya kufukuzwa. Haikuja. Basi akaiomba mwenyewe.

"Na zile ndoo tunazobeba?"

Afisa akakuna kichwa. "Hata mimi nilikuwa naziona. Tufanye hivi. Maganda na majani mabichi ya mboga chukueni, nawapa ruhusa. Makombo ya sahani yaende kwenye tangi."

"Tena mama," Doreen akaongeza, "makombo ya sahani ni hatari kwa nguruwe. Yakiwa na mabaki ya nyama ya nguruwe, yanaweza kuwaletea homa ya nguruwe. Ugonjwa huo hauna dawa wala chanjo ya kutegemea. Zizi zima linakwisha."

Bernadeta aliwafikiria nguruwe wake. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia.

Wiki hiyo hawakuficha kitu. Mizani ikaonyesha ukweli, na kumbe Alhamisi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Alhamisi watafiti wengi huenda mashambani, lakini jikoni masufuria yalikuwa yale yale. Hakuna aliyewahi kuwaambia wapishi nani yupo na nani hayupo.

Wakabadilisha. Sasa kila idara hutuma idadi ya walaji asubuhi, kabla unga haujapimwa. Ugali hupakuliwa wa wastani, na anayetaka zaidi anarudi kuongezewa. Madereva walinung'unika mwanzoni, wakazoea. Korongo likasafishwa na ngedere wakarudi mlimani. Tangi likajengwa upande wa jua, pale Bernadeta alipopaonyesha, na tope linalotoka ndani yake huwa mbolea ya mashamba ya majaribio.

Gesi haitoshi kwa kila kitu. Maharage bado yanataka kuni kidogo. Lakini lori la kuni lililokuwa likija kila wiki sasa huja mara moja kwa mwezi. Bernadeta anakohoa asubuhi tu. Kule nyumbani ndoo ilipungua na nguruwe walinuna, mpaka Dominiko alipoanza kuwakatia majani ya viazi vitamu. Nasra alirudi kwenye sinia bila kuombwa radhi wala kuomba.

Halafu juzi, wapishi wakiwa wamekaa wanakula, akaingia Evance, dereva wa mkurugenzi. Alifunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo Mama Upendo."

"Marahaba. Mbona umeingia kama unafukuzwa?"

Evance akainama, akanong'ona. "Yule dada Doreen. Leo kaja kwetu, anauliza kila gari linatumia mafuta kiasi gani. Sisi madereva tumekaa kikao. Anamtafuta nani?"

Nasra akapaliwa na wali. Bernadeta akamgonga mgongo, macho yakiwa kwa Evance.

"Bosi wako yuko wapi saa hii?"

"Kwenye mkutano."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na gari liko wapi?"

"Hapo nje, kivulini. Nimeliacha linawaka, kiyoyozi kiendelee kupoza."

Kupitia dirisha injini ilisikika ikinguruma, gari tupu, vioo vimefungwa.

"Hatafuti mtu, baba," Bernadeta akasema. "Nenda kalizime, kisha rudi unawe mikono, tule."